Kaka, Usiwape Namba ya Siri

Mkumbi, Mbinga
15 Septemba 2009

Mpendwa Kaka Raimundi,

Shikamoo. Hujambo na kazi ya ualimu huko Tabora? Wifi Getrude na watoto wanaendeleaje? Sisi tu wazima, ila macho ya mama. Sasa anapapasa hata mlango wa jikoni, na bado anang'ang'ania kuanika kahawa mwenyewe. Shangazi Scholastica ametuletea dagaa kutoka Mbaha, anakusalimu.

Kaka, roho yangu haitulii. Uliponipigia Alhamisi ukasema benki imekutumia barua pepe, kwamba usipojaza namba yako ya siri akaunti itafungwa, niliitikia tu, ndiyo, ndiyo. Jana nikafungua barua pepe zangu pale Mbinga mjini. Lo! Barua ileile, neno kwa neno. Benki hiyohiyo inataka kunifungia akaunti, mimi ambaye sijawahi hata kukanyaga mlangoni kwao!

Nilicheka, kisha nikaisoma tena polepole. Wewe uliwasifu kwamba wameandika kwa heshima, eti "Mpendwa Mteja". Heshima gani hiyo? Benki yako inalijua jina lako. Hata mtu anayekuja kudai kuku wake hapa Mkumbi anakuita jina kwanza. Tazama na anwani ya aliyetuma: mwanzoni jina la benki, mwishoni herufi za ovyo ovyo tu. Nilimuuliza dada wa dirishani kwenye benki nyingine pale mjini, akasema benki haiulizi namba ya siri, si kwa barua wala kwa simu.

Pesa yote ya kahawa, ya upasuaji wa macho ya mama, iko kwenye akaunti yako, kaka. Tangu jana simu yako haipatikani. Usiku nageuka geuka kitandani kama chapati. Ndiyo maana nampa barua hii jirani yetu Egidi, anayepanda basi kesho kuja huko. Ukimaliza kuisoma usinywe hata chai, nenda benki mwenyewe.

Na kama umeshajaza, nakujua wewe, utazima simu kwa aibu. Tafadhali usifanye hivyo! Waambie benki waizuie akaunti, halafu nipigie. Kahawa tutavuna tena mwakani. Mama haoni, lakini kila simu ikilia anageuza sikio, anauliza kama ni Raimundi. Piga, hata kama ni kulia tu.

Msalimie wifi, na Tadei mwambie bibi anamkumbuka. Mungu akufikie kabla ya basi la Egidi.

Ni mimi mdogo wako nikupendaye,
Kunigunda