Lenga-lenga Bila Chumvi

Jumatatu, 3 Machi
Nimechemsha tena lenga-lenga, mchicha wa Mama, nikachuja kwa kitambaa. Maji ya mvua, siyo ya ziwa. Nikatonesha dawa ya fedha, madini yaliyoyeyushwa majini. Imeharibika. Fedha imeganda, mashapo meusi chini ya chupa. Majani yalikuwa machache. Molekuli zake ndizo zinazozuia chembe za fedha zisikue kupita kiasi. Zikipungua, chembe zinakimbiliana. Dawa iliyobaki inatosha mara mbili tu. Ijumaa mwalimu wangu wa chuo kule mjini Baraka anataka chupa yenye rangi ya chai, safi. La sivyo nangoja mwaka mwingine kumaliza chuo. Naogopa.

Jumanne, 4 Machi
Mama ameuliza majani yake yanafanya nini ndani ya chupa. Nikamwambia yanaishika fedha mkono, kama alivyokuwa akinishika mimi sokoni hapa Swima nisipotee. Amecheka sana. "Basi kesho mi ndiye nitachemusha." Nimekubali.

Jumatano, 5 Machi
Mama amechemsha, nimetonesha. Maziwa! Tone la kwanza tu, maji meupe. Nikaendelea kumimina kama mjinga. Kisha nikaonja maji ya majani yaliyobaki kwenye sufuria. Chumvi. Chumvi inainyakua fedha kabla majani hayajaigusa.

"We mutoto, nani anapikaka majani bila chumvi?"

Nimekasirika mpaka machozi. Nimelala njaa, kiburi tu.

Alhamisi, 6 Machi
Nimeamka, Mama amesharudi kutoka shambani. Majani mabichi, yana umande. Sufuria ameisugua kwa mchanga. Kopo la chumvi halipo: amelipeleka kwa jirani asije akajisahau. Nilitaka kuomba msamaha, nikaomba kitambaa cha kuchujia.

Amechemsha yeye. Nimetonesha mimi, dawa yote. Tumeweka chupa juani, tukakaa chini kuitazama. Njano. Muda mrefu njano tu. Halafu chai.

"Imeshikwa mukono?"

Imeshikwa, Mama. Nikalia. Akanifuta kwa kitenge chake.

Ijumaa, 7 Machi
Mwalimu aliinua chupa dirishani, akaigeuza, akasema nianze kuandika kazi ya kumaliza chuo. Nimerudi Swima jioni. Mama amepika bugali na sombe, majani ya mihogo. Sombe haina chumvi hata kidogo. Kopo bado liko kwa jirani.

Nimekula yote. Nikaomba aniongeze.