Mafuta Gani

Como Avenue,
Minneapolis, Minnesota.
9 Machi 1996

Mpendwa Shangazi Rahab,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo Tarime, na kwamba lile goti sasa linakufikisha kanisani bila manung'uniko. Mimi sijambo. Theluji bado ipo, ila masikio yangu yameshaizoea.

Leo niruhusu nijisifu. Hapa anayesomea uhandisi wa mitambo anaweza kuongeza somo dogo la kusindikiza shahada. Kaka yako, baba yangu, aliagiza nichukue biashara. Mwalimu anayesimamia masomo yangu alitaka hisabati. Mimi nimechukua uandishi wa maelekezo ya mitambo, na nimeshinda.

Mwalimu alisema kuandika si kazi ya mhandisi. Nikamwomba anipe injini ya dizeli ya karakana na nusu saa. Nilimleta Irene, binti wa Moshi anayesomea uuguzi na kuishi Saint Louis Park, ambaye hajawahi kugusa injini. Nilimpa ukurasa wangu wa Kiswahili, nikakaa mbali. Akasoma, akatia hiki hapa na kile pale, akazungusha mpini. Injini ikanguruma, na mimi machozi yakanitoka.

"Mbona rahisi hivi?" Irene aliuliza. "Au umenipa ya watoto?"

Mwanafunzi mwenzangu Khalfan wa Pemba, aliyenitania wiki nzima kwamba nitazisomea spana risala, alipiga makofi kuliko wote. Mwalimu alisaini fomu yangu palepale, juu ya benchi la kazi. Sasa anataka ukurasa huo kwa Kiingereza, ubandikwe karakana.

Shangazi, sababu ya kung'ang'ania somo hili hujawahi kuisikia. Unakumbuka mashine yako ya kusaga ilivyokufa nilipomaliza kidato cha sita? Asubuhi ile nilimwandikia Elkanah karatasi, kwa kuwa alikuwa mgeni kazini. Mafundi wote husema oili, lakini mimi msomi niliona hilo ni neno la gereji. Nikaandika Kiswahili cha mtihani: "Jaza mafuta kabla ya kuwasha." Naye akajaza dizeli mahali pa oili.

Ulipofika nilikuwa nimeshaibandua karatasi. Ukamwachisha kazi, watu wakamcheka, nami nikanyamaza. Nimeona aibu miaka mitano.

Nimeambatanisha kijitabu nilichokiandika cha mashine kama yako, kurasa kumi na mbili. Oili imeitwa oili, dizeli imeitwa dizeli, grisi imeitwa grisi. Neno mafuta halimo.

Nisalimie dada Leah na Alice wake, na umwambie kaka yako biashara itasubiri. Mungu akuzidishie afya na wateja.

Kijitabu hicho, tafadhali, mpe Elkanah kwanza, na umsomee barua hii mbele ya watu waliomcheka.

Mwanao akupendaye sana,
Mwita