Wameiua Ndege ya Alhamisi

Nyuma ya soko la samaki,
Balige, Sumatra Kaskazini.
Jumapili, 8 Juni 2025.

Mpendwa mjukuu wangu Rotua,

Hujambo, mwanangu? Na huyo aliyemo tumboni hajambo? Miguu bado inavimba? Ukilala, lala kwa ubavu, na mumeo Mahendran akukande nyayo. Si muuguzi huyo? Kutwa anahangaika na miguu ya watu baki huko hospitalini, basi ya kwako asiionee uvivu. Sisi huku Mungu anatuweka. Goti langu la kushoto linanung'unika mvua ikikaribia, macho yanawaona wale ninaotaka kuwaona, na nguruwe wa Lasma amezaa.

Anayeshika kalamu ni huyo huyo Lasma, mke wa baba yako mdogo Sahala. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinipake adabu nisizokuwa nazo. Ukiona neno la kanisani humu ndani, ujue ni lake.

Kwanza nikugombeze, halafu nikupende. Juzi kwenye simu ulisema, "Bibi, usijisumbue, itume hiyo ulos kwa posta." Usidhani mtandao ulikatika. Nilikata mimi, kwa kidole changu hiki, na nilitamani simu iwe na mlango niubamize.

Kwa posta! Ulos ya mimba ya kwanza, mwezi wa saba, nimeifuma mimi mwenyewe, ile ya nyota zilizopangana, itiwe kwenye mfuko wa plastiki ipigwe mhuri? Nani atakuweka mabegani? Tarishi? Akufunike, akuombee uzae salama, halafu akudai saini? Nguo ile bila mkono wa mtu wa damu yako ni shuka tu, Rotua. Mama yako alikwenda ukiwa unanyonya. Baba yako, mwanangu mkubwa, tumemzika. Tumebaki mimi na Sahala, na mikono yetu haiingii kwenye bahasha.

Nimesikia mama mkwe wako Saroja amekwisha kukuvika bangili za kioo, kama desturi yao. Vizuri, namshukuru, ni mwanamke anayejua kazi yake. Lakini mikono yako imevikwa na watu wa mumeo, na mabega yako yako wazi, kana kwamba uliokotwa njiani. Hilo ndilo linaloninyima usingizi, si goti.

Sasa nikwambie kwa nini hujaniona mpaka leo. Wameiua ndege ya Alhamisi.

Unaikumbuka, wewe uliyeipanda nasi ukimshika baba yako mkono. Medan hadi huko kwenu Penang, hujamaliza kipande cha keki imeshatua. Sisi watu wa Alhamisi, wa kwenda kutibiwa hospitali za huko, tulijuana kuliko majirani. Mama Lilis wa duka la keki za bika ambon alikuwa akigawa keki safu hadi safu, na waliokatazwa kula kabla ya kutolewa damu walikuwa wakimtukana kwa macho. Mzee Hasballah wa kutoka Aceh alikuwa akisimulia moyo wake kama mtu anayesimulia gari bovu. Baba yako alipozidiwa, ni Hasballah aliyempisha kiti cha mbele, ili asitembee. Tulipomzika, Mama Lilis alipanda milima yote hii kuja kulia na mimi, na keki.

Basi shirika la ndege hiyo, Sayap Melati, limekata njia zake zote fupi za kuvuka bahari. Likasema wanaotaka Penang waende kwanza Jakarta, wakae huko wakisubiri, kisha warudi juu huku huku walikotoka na kuvuka. Ni kama mtu anayewashwa pua akapitisha mkono kisogoni ili ajikune. Na wagonjwa hao! Mtu ana mrija tumboni, unamzungusha nchi nzima! Mashirika mengine nayo ukiuliza yamejaa, au bei yake inahitaji uuze nguruwe na watoto wake.

Halafu wakatuita. Wateja wa kadi ya dhahabu, eti tuje hotelini Medan tusikilizwe. Nikashuka na Sahala. Ukumbi baridi kama ghala la samaki. Kijana wa tai, jina lake Reynaldi, ana meno mazuri, akatuonyesha ukutani mistari inapanda na mingine inashuka. Akasema njia yetu ilikuwa inawachosha. Nikamuuliza kwa sauti, "Inawachosha nani, baba? Ndege au wewe?" Watu wakacheka. Yeye naye akacheka, na hapo ndipo nilipomchukia kabisa.

Akasema pointi zetu, zile zinazoingia kwenye kadi kila ukisafiri, hazijapotea, tunaweza kuzibadilisha kwa zawadi. Akaonyesha picha: sanduku la magurudumu, sufuria, pasi ya umeme. Akanielekea mimi, labda kwa kuwa nilikuwa mbele na nimekunja uso, akasema, "Bibi mwenye pointi nyingi kama hizi anaweza kuchukua pasi na sufuria pamoja."

Mwanangu, nilisimama. Lasma anasema nisikuhadithie hili ukiwa na mimba, lakini nitakuhadithia. Nikamwambia, "Kila pointi iliyomo kwenye kadi hii ni mwanangu. Hii ni siku alipotapika njia nzima. Hii ni siku daktari alipocheka naye tukadhani amepona. Hii ni siku niliporudi peke yangu na viatu vyake mfukoni. Sasa unanipa pasi, nimnyooshee nani mashati?"

Akasema anaelewa hisia zangu. Haelewi chochote, Rotua. Mtu anayeelewa hunyamaza kidogo.

Hapo wakaleta chakula kwenye visanduku. Wali, kuku wa rendang, na kijitunda. Wewe ni mtoto wa Kibatak, umekulia kwenye shughuli zetu, hujasahau: anayekula cha mwenye shughuli ameikubali shughuli yake. Ndiyo maana mtu aliyekuja kupinga haonji hata chumvi. Nikakiweka kisanduku changu chini ya kiti, nikakunja mikono. Njaa ilikuwa inaniuma kweli kweli, sikufichi.

Wengine wakala. Siwalaumu, Mama Lilis ni Mchina, Hasballah ni mtu wa Aceh, kwao kuku ni kuku. Kumbe kuna mpiga picha! Kesho yake gazetini: wateja wa dhahabu wayapokea mabadiliko kwa furaha. Hasballah mdomo wazi. Mama Lilis anafuta mchuzi kidevuni. Kizee kimoja tu pembeni kinatazama kamera kama kinataka kuimeza, ndimi.

Na kando yangu, mwanangu Sahala, Mbatak wa ukoo, mwana wa tumbo langu, kashika paja la kuku.

Sikumsemesha. Alikuwa akija asubuhi, "Mama, umeamkaje?" Namwambia Lasma, "Mwambie yule mla mapaja nimeamka." Akaapa hakufikiri, eti lilikuwa paja tu. Nikamjibu kupitia Lasma kwamba hata mimi nilikuwa naliona ni paja, tena nono. Lakini wiki chache tu mbele mikono hiyo hiyo ndiyo inayotakiwa kukuwekea ulos. Mikono iliyokubali njia ya kwenda kwako ifungwe, ije ikubariki? Lasma huyu maskini alikuwa amechoka kuwa simu kati yetu.

Mama Lilis naye alipoliona gazeti alinipigia akifoka. "Bibi, mimi nilikula kwa njaa, si kwa furaha! Naenda kuwavunjia kioo!" Nikamwambia asivunje kitu, yeye ana sukari na moto wa bure. Hasballah aliandika barua ya kurasa nyingi, maana aliwahi kuwa mwalimu. Hawajamjibu. Mwingine wa watu wetu wa Alhamisi alikata kadi yake kwa mkasi mbele ya kaunta yao uwanjani, na binti wa kaunta akamuuliza kama anataka nyingine. Kila mtu alipiga kelele kwa namna yake, na kelele zote zikaishia hewani, mahali ambapo ndege yetu haipo tena.

Aliyetenda jambo ni Sahala. Siku ya tano ya kununiwa alitoweka alfajiri na pikipiki. Jioni akarudi mwekundu kwa vumbi, akapiga magoti mbele yangu jikoni, Lasma shahidi. Akasema, "Mama, nimekula cha wale watu, nimekosa. Nimefika hadi Tanjung Balai. Kuna meli ya abiria inayovuka hadi Port Klang, na kutoka hapo kuna basi la Penang. Nitakubeba mgongoni ikibidi."

Kwanza nilimaliza kukoroga chungu changu, maana ni haki yangu. Kisha nikamwambia, "Mgongo wako uache. Kachemshe maji, unanuka barabara." Ndiyo msamaha huo.

Basi nakuja kwa maji. Usianze kulia wala kunipigia. Maji ya ziwa nayajua tangu nazaliwa, ya bahari nasikia yana chumvi na hayana heshima, tutaonana. Mzee Hasballah anakuja nasi, na wengine saba wa Alhamisi wenye miadi ya daktari. Tumekodi basi dogo la kutufikisha bandarini. Hasballah amekwisha sema atakaa dirishani, nami nimekwisha sema hakai.

Mama Lilis peke yake tumbo lake haliiwezi meli. Yeye anazunguka kwa Jakarta, kwa fedha ya duka lake na kwa matusi, na ndiye anayekuletea barua hii. Atafika kabla yetu. Mpe chai isiyo na sukari hata akilia, na mpe mahali pa kunyoosha miguu.

Pilipili zetu za andaliman nimezifunga ndani ya soksi ya Sahala, safi, usiogope. Samaki nitanunua huko huko. Mwambie Saroja anikopeshe chungu kirefu, maana samaki wa ulos hapikwi vipande, anafika mbele yako mzima, kichwa na mkia, nawe utakula huku sisi tumesimama. Akitaka kujua tunavyofanya, aje jikoni akae na mimi. Sijui lugha yake, lakini na mwanamke mwenye chungu tunasikilizana.

Ile kadi ya dhahabu sikuikata. Siku ile hotelini, kabla ya kutoka, nilifunua kisanduku changu cha chakula, nikaiweka juu ya wali uliopoa, nikamkabidhi yule Reynaldi mkononi. Nikamwambia, "Kula wewe. Shughuli ni yako." Meno yake sikuyaona tena.

Msalimie sana Mahendran, mwambie nikifika nataka kumwona mnene. Msalimie Saroja na mumewe. Lasma anakusalimu, na watoto wake wote, na huyo mmoja anayekuita dada wa ndege, ambaye sasa itabidi ajifunze jina jingine. Sahala anakusalimu kwa aibu.

Mungu akulinde wewe na huyo mdogo, ampe kichwa kidogo cha kutokea na moyo mkubwa wa kukaa nao. Asitoke kabla sijafika. Mwambie bibi kasema.

Alhamisi ijayo, siku yetu ile ile, kaa sebuleni umeelekea mlango. Bangili ziache mikononi. Mabegani usijifunike kitu, hata kukiwa na baridi.

Ni mimi bibi yako nikupendaye kwa kelele, mwenye mikono miwili, na yote iko njiani kuja kwako,

Tiominar
(Amefunga barua na kuiwekea alama ya kidole mwenyewe. — Lasma)