Rebeka Mwenye Ndonya

Mama yangu, shikamoo huko uliko.

Newala nzima hakuna mwenye bahati kama mwanao. Nimemchora Rebeka wa Biblia kisimani, ukuta mzima wa kanisa, na wazee wameikubali picha papo hapo. Mimi niliyeishia darasa la nne! Hata Lindi nilikopakua mizigo melini hawana ukuta kama huu.

Unakumbuka nilivyoanza? Padri alinionyesha kitabu cha picha za Ulaya: Samsoni, Daudi, wote misuli mitupu, pua zimenyooka kama rula, wamesimama kama mawe yaliyochongwa. Akanifundisha kunyoosha mkono, kufumba jicho moja na kupima mwili kwa kijiti, kichwa ndicho kipimo. Nami wa kumpima nilikuwa naye mmoja tu: wewe, umepanda kutoka bondeni na mtungi kichwani.

"Unanipimia jeneza?" ukaniuliza.

"Simama kama Rebeka, mama."

"Huyo Rebeka wako alipanda mlima huu? Chora upesi, shingo inaingia tumboni!"

Tulicheka mpaka maji yakamwagika. Maji ya kutembea nusu siku, na hukununa.

Sasa Rebeka amesimama vilevile. Mguu mmoja umelegea, nguo imeanguka kwa mikunjo ya kitabuni, pua nayo ya kitabuni. Lakini sura iliyobaki mkono ulikataa kuiiga. Ulikwenda wenyewe: chale zako mashavuni, kigingi chako cha ndonya kwenye mdomo wa juu, na lile jicho lako la kunikaripia huku unacheka.

Jana Baba Ester, mzee wa kanisa, aliitazama, kisha akasema, "Rebeka hakuwa Mmakonde."

"Na pua hii, Baba Ester? Alikuwa Mzungu?"

Watu wakacheka. Yeye hakucheka. "Uso huo utoke," akasema, akaenda zake.

Tangu hapo sitoki humu kanisani. Nikisikia ndoo inagonga nje nakimbilia mlangoni kutazama: maji au chokaa? Mama, hukupigwa picha hata siku moja. Uso huu ukifutika, sina pengine pa kukuona, na nimeanza kuisahau sauti yako.

Pumzika, mama. Mtungi utue sasa.

Wazee hawakuikubali picha. Nisipoufuta uso wako kabla ya kengele ya asubuhi, wataupaka chokaa wenyewe. Ile bahati niliyokutajia ni uongo mtupu.

Mimi, kitindamimba wako.