Nilikuomba Mlingoti Tu

12 Januari

Baba Mkubwa, shikamoo.

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba mgongo uliokuzuia kuja kumzika Baba sasa umepoa. Mama Mkubwa msalimie sana. Sisi huku tupo, tunasukuma siku. Shuleni wameniongezea darasa la pili na sauti imenikauka.

Nimempa kondakta wa basi la asubuhi boksi lako. Ndani kuna ile mashua ya tanga aliyoiunda Baba, ile ndogo ya urefu wa mkono, mliyokuwa mkiishindanisha na yako kila Jumapili kwenye bwawa la nyuma ya karakana. Nilipohama nyumba niliiacha kwa kaka, naye akaitupa stoo, mlingoti ukavunjika. Mlikuwa mafundi wawili wa karakana moja, marafiki kuliko ndugu, na umebaki wewe. Nakuomba uunge mlingoti. Mlingoti tu, Baba Mkubwa, halafu unirudishie.

Ni mimi mwanao.


20 Januari

Mwanangu, marahaba.

Sisi wazima. Mgongo unanikumbuka asubuhi tu. Mama Mkubwa wako anakusalimu, ila leo hataki kukaa nami chumba kimoja, na sababu ni hilo boksi lako.

Nimelifungulia uani, tena kwa kijiti. Mende watatu wakatoka wakanitazama kana kwamba mimi ndiye mgeni. Chini kulikuwa na maganda ya vitunguu yaliyooza, mavi ya panya, na ute wa kahawia ambao sijui ni wa nini wala sitaki kujua. Nimetema mate mpaka koo limekauka. Hivi kaka yako ana akili timamu? Mashua ya baba yake mzazi anaifanya chombo cha vitunguu! Akipita mtaa huu asinipe mkono, mwambie hivyo hivyo nilivyosema.

Nikaiosha kwa maji ya moto na sabuni mara tatu. Hapo ndipo nikagundua kwamba uchafu wenyewe nilikuwa bado sijauona. Ni mchinjaji gani mliyemruhusu aiguse kazi ya baba yako? Mbavu zote mbili kabandika matone ya lami, manene, huku matatu, kule mawili, kama mbuzi kapita juu. Kamba kazijaza mafundo yasiyo na kazi yoyote. Tanga kalishona kwa mishono ya mlevi, uzi mwekundu juu ya kitambaa cheupe! Ptuu! Nimefanya kazi na baba yako miaka thelathini na minane. Droo zake zilikuwa zinajifunga ukizisukuma kwa kidole kimoja, na hakuwahi kuacha hata alama ya penseli kwenye mbao. Niambie tu huyo mharibifu ni nani, nimwandikie yeye mwenyewe.

Lakini usijali. Takataka sitakurudishia.

Baba yako Mkubwa, mwenye kichefuchefu


9 Februari

Mwanangu, hujambo? Mbona kimya? Mama Mkubwa anasema labda unaumwa, mimi nasema unaona aibu kwa niaba ya kaka yako. Sikulaumu.

Kazi inakwenda vizuri. Ubavu wa kulia nimeukwangua wote. Lami ile ni balaa, imeniingia kwenye kucha, imeniingia kwenye ndevu, nimenawa kwa mafuta ya taa mpaka ngozi imeanza kutoka, na bado nyumba nzima inanuka barabara mpya. Chakula hakipiti. Lakini nilipopitisha msasa laini, mbao ikatokea, rangi ya asali vile vile kama siku ile alipoipaka vanishi mbele yangu. Nikaketi nikaitazama kwa muda mrefu.

Mafundo nimeyakata. Tanga nimelichoma, halikuwa na maana ya kuliokoa, hata kulishika nililishika kwa koleo. Nitalishona jipya.

Unajua ni baba yako aliyenibatiza jina la Kinyaa? Kwa sababu sikuweza kula karibu na kopo la gundi. Basi yeye kila saa ya chakula alikuwa analisogeza kopo kidogo kidogo mpaka linafika kwenye sahani yangu, karakana nzima inakufa kwa kicheko. Lakini kwa uchafu huu, mwanangu, hata yeye angesema nina haki.

Ubavu wa kushoto bado, msasa umeniishia. Naanza Jumatatu ya tarehe kumi na saba.

Baba yako Mkubwa


14 Februari

Baba Mkubwa, shikamoo.

Weka msasa chini. Barua hii naituma kwa mkono wa kondakta ili ikuwahi.

Sanduku la posta la shule hufunguliwa na karani, na karani alikuwa likizo. Barua zako mbili nimezipata leo pamoja, nimezisoma nimesimama mlangoni pa ofisi.

Huyo mchinjaji ni Baba.

Sukari ilimpofua macho miezi kumi na minne kabla hajafa. Kuona alikuwa haoni hata dirisha. Akaniomba nimtolee ile mashua sandukuni aifanyie kazi upya, akasema akikaa bure atakufa kabla ya siku zake. Penseli asingeiona, ndiyo maana alitumia lami. Matone matatu ni mbele, mawili ni katikati, moja ni nyuma, pande zote mbili, ili vidole vyake vijue vilipo. Mafundo alikuwa akiyahesabu kujua kamba ipi ni ipi. Tanga alilikata kwenye shati lake na kulishona wiki tano, vidole vimejaa matundu ya sindano. Uzi nilimpa mimi, sikuwa na mwingine. Yeye hakujua kama ni mwekundu.

Na hilo si lote. Wakati sukari ilipomletea kidonda cha mguu, kikaharibika kikanuka, siku moja nilirudi kutoka sokoni nikakuta barazani mfuko wenye miche sita ya sabuni. Nikamuuliza Baba nani kaja. Akasema, "Kinyaa huyo. Nimemsikia anakohoa hapo mlangoni. Kanusa, kaondoka." Akacheka mpaka akapaliwa. Nani mwingine angemletea mgonjwa sabuni, Baba Mkubwa? Halafu akanikataza nisikuulize.

Kesho yake ndipo alipoanza kupaka lami. Kila siku alikuwa akisema, "Hii ni ya Kinyaa. Atatukana, lakini ataishika."

Sikukuletea wala sikukuambia, kwa sababu nilikuwa na hasira na wewe na bado ninayo. Nilitaka uunge mlingoti, mashua irudi kwangu, basi. Nilikuomba mlingoti tu.

Mwanao


2 Aprili

Mwanangu,

Sijui kama bado utaniamkia, kwa hiyo leo naanza mimi. Hujambo? Sauti imerudi? Mama Mkubwa anakusalimu. Barua yako nilimsomea, akainuka akaingia ndani.

Kondakta alinikuta Jumatatu asubuhi. Msasa mpya ulikuwa juu ya meza, bado kwenye karatasi yake. Ubavu wa kushoto upo kama alivyouacha. Ule wa kulia unang'aa, na nikiutazama ndiyo natapika kweli.

Ni kweli nilikuja. Niliambiwa macho yanamsumbua, nikadhani ni mambo ya miwani. Nilikuta mlango wa chumba uko wazi nusu, yeye ameketi kitandani amenipa mgongo. Harufu ikanipiga usoni. Nikajiambia namsubiri ageuke. Nikakohoa. Hakugeuka, nikajiambia kumbe kasinzia, si vizuri kumwamsha mgonjwa. Nikaweka sabuni nikaondoka, na kwenye basi nilifungua dirisha nikavuta hewa kama mtu aliyeponea chupuchupu. Rafiki yangu wa miaka thelathini na minane! Na ule mgongo wa siku ya mazishi ulikuwa uongo. Mgongo haukuniuma hata kidogo. Niliogopa kwamba mtaniambia nimwone kabla hajafunikwa.

Nimeishi maisha yangu yote nikijiona mtu msafi. Sasa najinusa mimi mwenyewe, mwanangu, na sipati pa kukimbilia.

Umeona kimya cha mwezi na nusu. Nilikuwa nafanya kazi. Niliyeyusha lami, nikachukua kipande cha ubao mtupu, si mashua, mashua sikuigusa. Nikajifunga kitambaa machoni. Nikajaribu kuweka matone matatu, mawili, moja. Siku ya kwanza nilijichoma kidole gumba. Siku ya tano matone yalikuwa yamezagaa ovyo na moja lilikuwa kwenye goti langu. Nikakifungua kitambaa nikapiga magoti mbele ya ubavu wa kushoto, nikapima matone ya baba yako kwa futi. Nafasi zote ni sawa. Zote! Mtu haoni, mguu unaoza, na hajakosea hata upana wa msumari. Na mimi, mwenye macho mawili, nikamwita mchinjaji.

Ubavu wa kulia sitaupaka. Ningeupaka ingekuwa lami yangu, si yake. Tanga jipya sikushona, maana sina shati lake. Mlingoti nimeuunga, kama ulivyoomba tangu mwanzo, na nimeufunga kwa zile kamba zake nilizozikata, nilikuwa nimezitupa chini ya meza, nikazikusanya vipande vipande. Mafundo mawili yalikuwa mazima.

Kondakta simpi tena boksi. Nitaileta mwenyewe, mapajani, Jumamosi ya tarehe kumi na mbili. Baba yako alisema ni yangu, lakini aliyesema hivyo alikuwa hajajua nitakachoifanyia. Utaamua wewe. Lami bado imo kwenye kucha zangu, wiki ya tatu hii, na sijainawa kwa mafuta ya taa. Mama Mkubwa kanikatia tiketi mwenyewe na kaniambia nikirudi bila kukuona nisigonge mlango wake.

Safari hii nitapiga hodi. Ila ninajijua. Ukiwa ndani ukasikia mtu anakohoa mlangoni halafu kimya, nakuomba utoke upesi unishike mkono.

Kinyaa