Docteur Équin

Nabintu, acha unachofanya usome. Mjomba wangu, Tonton Zihindula, amekuwa akimdunga mama sindano za farasi kwenye magoti. Za farasi.

Nimeokota boksi la dawa leo jikoni. Limeandikwa kwa Kifaransa "arthrose, usage équin", dawa ya maumivu ya viungo. Nikamuuliza mbele ya mama, "Tonton, équin ni nini?"

Bila kupepesa macho: "Iko jina ya daktari mwenye aliitengeneza."

Na mama akaongeza, "Huyo Docteur Équin namuombeaka kila misa."

Namuombeaka! Mwezi mzima mama yangu anamwombea farasi.

Nikamwambia ukweli kwamba équin ni Kifaransa, maana yake "ya farasi". Mama akashika goti.

Tena mstari mmoja wa maandishi kwenye boksi ulikuwa umekwanguliwa kwa wembe. Nikamuuliza tonton kwa nini.

"Juu yako," akasema. "Mama yako haiko shida. Ni wewe mwenye unasomaka."

Ni yeye aliyenifundisha kusoma, Nabintu. Yeye, kwa kidole chake.

Sasa tunapanda kilima kwenda hospitali. Mama yuko mbele yangu, bila ile fimbo aliyokuwa akitembelea, hataki nimshike mkono. Ameniambia neno moja tu tangu tutoke: "Goti ilikuwa imepona mpaka uliposoma."