Maharage Bila Magadi

Mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu
Jumapili, baada ya ibada

Mama,

Ugonile. Najua ni salamu ya kumuuliza mtu amelalaje, na sijui kama inafaa kwako sasa. Lakini ndiyo uliyonifundisha kabla ya nyingine zote, na nimekaa na kalamu muda mrefu bila kupata ya kuiweka mahali pake.

Mvua haijatuacha tangu tukuzike. Vitabu vyangu vimeota ukungu mgongoni, nikivipangusa jioni, asubuhi umerudi. Nguo hazikauki. Neema, ninayekaa naye chumba kimoja, anazianika juu ya jiko la mkaa, kwa hiyo tunaingia darasani blauzi zetu zikinuka vitunguu. Ndiyo, Mama, niko chuoni. Niliitwa kwenye chuo cha ualimu kabla nywele tulizonyoa msibani hazijaota vizuri. Mabweni hayatoshi, ndiyo maana wengine tumepanga vyumba huku mtaani. Chetu kiko nyuma ya duka la mitumba. Baba alinileta yeye mwenyewe, amebeba godoro kichwani kutoka barabarani, na alipoliweka chini alitazama ukutani akasema, "Haya, mwalimu." Akashika njia ya kurudi. Unamjua.

Nasoma. Hilo nilitaka ulijue kwanza. Bado ni yule yule wa kusoma huku anakoroga sufuria, na bado naunguza. Bado naogopa kusimama mbele za watu. Tulipofanya mazoezi ya kufundisha darasani, wenzetu wakijifanya watoto wa darasa la tatu, sauti yangu haikufika hata dawati la pili. Kijana mmoja wa nyuma akapiga kelele, "Mwalimu, tunaomba redio yako iongezwe!" Wakacheka wote. Nilikukumbuka. Ulikuwa ukisema nimepoa kwa sababu nilizaliwa wakati chumvi haipo, nikakua kwa uji wa chukuchuku. Ulitusimulia jinsi ulivyopanga foleni ya chumvi dukani nikiwa mgongoni, na ulivyorudi nayo imefungwa kwenye kipande cha gazeti, ukaificha ndani ya kibuyu ili wageni wasiimalize.

Sasa chumvi imejaa, Mama. Kila duka lina mifuko yake, na sabuni za rangi zote, na mafuta ya kupikia ya madumu yenye picha. Wanasema ni ruksa, kila mtu auze anachotaka. Mbele ya dirisha letu mama mmoja ana meza ya dagaa, nyanya na mabonge ya magadi. Kila nikitoka nayaona yale magadi, meupe yenye uchafu, kama mawe tu. Sasa napita upande wa pili wa barabara. Neema anadhani yule mama ananidai.

Hayo magadi ndiyo ninayokuandikia.

Utakumbuka daktari alivyotuambia ulipoanza kuvimba miguu: ni presha, chumvi basi. Shangazi Bupe akaacha ndizi zake kule Igogwe, akaja kukuuguza. Alitenga ile sufuria ndogo yenye sikio moja ikawa yako peke yako, na jikoni akawa askari. "Asitie mtu mkono wake hapa! Hii ni ya wifi yangu. Dakitali amekataza chumvi." Hata mimi alinifukuza siku moja kwa sababu nilikuwa nimeshika chumvi ya sufuria kubwa, akaninawisha mikono kwanza. Hakuna aliyekupenda jikoni kama yeye.

Lakini chakula kilikushinda. Ulikuwa unakipeleka mdomoni, unakirudisha. Siku ile ya maharage ulisema, "Wifi, nitafune mpaka lini? Ni kama kokoto kwenye maji." Shangazi alitoka nje akalia nyuma ya banda la ng'ombe, nilimwona. Kuni zilikuwa mbichi kwa mvua, na baridi ya kwetu Kyimo unaijua, maharage yanaweza kukaa motoni tangu asubuhi na bado yanakutazama. Siku iliyofuata akayatia magadi, tena zaidi ya anavyotia siku zote, mpaka yakawa uji mzito wa kahawia. Ukala. Ukasema, "Leo yanapita." Unakumbuka alivyofurahi? Aliimba wimbo wa kanisani huku anaosha vyombo. Tangu hapo kila kitu chako kikawa na magadi: maharage, kande, majani ya maboga. Magadi si chumvi. Sote tulijua hivyo. Wewe ulijua, Baba alijua, mimi niliyemaliza kidato cha nne nilijua. Daktari alisema chumvi, na chumvi hatukukupa hata chembe.

Mwalimu wetu wa Sayansi Kimu ni mama mmoja mpole, miwani yake imefungwa kamba. Alikuwa anafundisha mlo wa wagonjwa. Aliandika ubaoni kwamba mwenye shinikizo la damu apunguziwe chumvi, na magadi pia, kwa kuwa kile kinachomdhuru ndani ya chumvi kimo vile vile ndani ya magadi. Akaweka nukta, akageukia mlo wa mwenye vidonda vya tumbo. Wenzangu wakanakili. Na mimi nikanakili, Mama. Mwandiko wangu katika ukurasa ule ni mzuri kuliko kurasa zote. Sijui kwa nini.

Kipindi kilipokwisha nilimfuata nje. Mimi, niliyekuwa naogopa hata kumwomba chaki. Nikamuuliza kama mtu aliyeachishwa chumvi akala magadi mengi kila siku, itakuwaje. Akavua miwani. "Ni ndugu yako?"

"Mama yangu."

"Mwambie aache leo leo."

Nikaanza kukunja daftari langu. Nadhani alielewa, maana alinishika bega. Akasema, "Ugonjwa wenyewe ni mkubwa, mwanangu. Hakuna mtu atakayeweza kukuambia ni kijiko gani kilichommaliza."

Nimelishika hilo neno. Nalishika mpaka leo. Lakini kuna saa linaniponyoka.

Niliamua kutosema. Shangazi alikuwa amebaki nyumbani kumpikia Baba, kwa sababu nani mwingine angebaki, na nilipokuwa nakwenda kuwaona nilimkuta kila mara anaizungumzia ile sufuria yako. Aliisugua kwa majivu mpaka inang'aa, akaitundika ukutani peke yake. Wanawake wa kanisani wakija, anawaonyesha. "Wifi yangu hakuonja chumvi mpaka anakufa. Nilimtunza." Ungekuwa wewe ungemwambia? Nilijiuliza faida yake nini. Wewe umekwisha kwenda. Nani atalala vizuri zaidi?

Kisha Baba akaanza kuumwa kichwa. Aliona giza akiwa anachuma chai, akakaa chini katikati ya mistari mpaka majirani wakamwona. Tangu kile kiwanda cha chai kipunguze watu, naye akiwamo, shamba lile dogo ndilo kazi yake yote. Akapelekwa hospitali, akapimwa. Nilipofika nyumbani Jumamosi ile, Shangazi alinipokea mlangoni na habari zote mbili kwa pamoja, kama mtu mwenye ugonjwa mkono mmoja na dawa mkono wa pili. "Baba yako ana ile ile ya mama yako. Usiogope. Kazi hii naijua."

Nyuma yake ukuta ulikuwa mtupu. Sufuria ilikuwa motoni.

Mama, sikusema. Nilikaa kwenye kigoda nikala nao, maharage laini, matamu, na sauti yangu ikawa ile ya darasani, haifiki dawati la pili. Baba alikula yote akalamba kijiko. Nilirudi Tukuyu nikiwa nimechukia midomo yangu.

Wiki ile nilipika maharage kila siku chumbani. Nilitaka kwanza niyaweze. Niliyaloweka jioni, asubuhi nikamwaga maji yake, nikayachemsha kwa moto mdogo wenye kifuniko kizito. Mara ya kwanza yalikuwa risasi. Neema alitafuna moja akalitoa akaliangalia. "Tuse, ukiolewa mumeo atahamia kwa mama ntilie. Na mkaa wetu je, mwalimu wa mlo kamili? Unaupika huo mkaa au unapikia?" Mara nyingine yaliiva lakini hayakuwa na ladha. Nikatia tangawizi, kitunguu kingi, nyanya zilizoiva sana, mwishoni nikakamulia ndimu. Neema akala kimya. Hiyo ndiyo sifa yake. Akaniomba na ukoko.

Jumamosi nikaenda Kyimo nimebeba maharage yaliyolowekwa kwenye ndoo ndogo yenye kifuniko, yanacheza cheza njia nzima. Nikamwambia Shangazi leo napika mimi, chuoni wametuagiza. Hilo la kuagizwa nilidanganya. Alikaa pembeni anamenya ndizi, jicho kwenye sufuria. Halafu nikaona anafungua kile kikopo cha magadi, anachukua bonge.

"Shangazi, usitie."

"Yataivaje bila magadi?"

"Yataiva."

"Nani kakwambia?"

Ndipo nikasema. Nilitazama moto, sikumtazama yeye. Nilisema mwalimu ametufundisha kwamba magadi nayo yana chumvi yake ndani, isiyosikika mdomoni, na mgonjwa wa presha hatakiwi kuyala. Nilisema kwa sauti ya kufika. Nadhani ndiyo mara yangu ya kwanza.

Kisu kilikuwa kimesimama katikati ya ndizi. Nilisikia mvua kwenye bati, nikasikia Baba anakohoa upande wa pili wa ukuta. Halafu Shangazi akasema taratibu, kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu, kama vile anaongea na mgeni, "Na wifi?"

Mama, hapo ndipo nilipokuhitaji. Nilisema, "Mama ugonjwa wake ulikuwa umekwenda mbali, Shangazi. Mwalimu mwenyewe amesema." Nikaongeza, "Wewe ndiye uliyemfanya ale." Hilo la mwisho ni kweli. Hilo la kwanza sijui.

Shangazi akarudisha bonge kwenye kikopo, akafunika, akatoka nacho mvuani bila kanga kichwani. Alikwenda mpaka kwenye korongo nyuma ya migomba. Aliporudi mikono ilikuwa mitupu na miguu yote ni tope. Akamaliza kumenya ndizi zake.

Baba alipoonja alisema, "Nani amepika kokoto hizi?" Yalikuwa yameiva, Mama, naapa, ni mazoea yake tu. Shangazi akamwambia, "Tafuna. Mungu alikupa meno ya nini?" Akatafuna. Akaomba tena.

Jana nimetoka huko. Baba bado anaona giza akiinama, hali yake haijanifurahisha, na dawa zinapatikana kwa shida. Sitakudanganya kwamba amepona. Lakini nilipoingia jikoni nilikuta bakuli la maharage yaliyolowekwa, limefunikwa kwa jani la mgomba, bila mimi kuagiza. Sufuria yako haiko tena ukutani wala motoni. Sikuuliza iko wapi. Wageni wa kanisani walikuja, na Shangazi akawakaribisha, akawapa maziwa, hakuwasimulia kitu.

Tulipokula, Baba alisogeziwa sahani yake isiyo na chumvi. Kisha Shangazi akajipakulia kutoka sufuria ile ile ya Baba. Yeye haumwi, Mama. Nikamsogezea chumvi. Akaisukuma kwangu kwa kidole, bila kuniangalia. "Kula wewe. Mimi nimeizoea hii."

Kwa hiyo anajua. Nami najua kwamba anajua, na tulikaa pale tunatafuna, mimi na yeye, huku Baba anamtania kwamba amekuwa mzungu. Nilitaka kumwambia lile neno la mwalimu la kijiko, lakini kama ningelitamka, ningekuwa nimejibu alichoacha kuniuliza tena.

Ninachokuomba, kama huko mnaombwa, ni hiki. Usimwendee ndotoni kwa huzuni. Nenda kwake kama siku ile uliyosema yanapita. Mwimbie ule wimbo wake.

Nami nakuahidi, nitakapopewa darasa langu, huko kokote watakakonipeleka, nitawafundisha watoto habari ya magadi kabla ya jambo jingine lolote, kwa sauti ya kufika nyuma, wakawaambie mama zao. Sitawaambia nililijuaje. Jina la Shangazi halitatoka kinywani mwangu. Kila Jumamosi nitakwenda Kyimo, nitakula bila chumvi pamoja nao, ili asile peke yake.

Mvua imepungua kidogo. Neema anasema jiko limewaka na zamu ya kupika ni yangu. Maharage niliyaloweka jana, yanatosha.

Ndaga, Mama, asante. Lala.

Mwanao,
Tusekile